UZI: Kuunganisha dawa za makovu ya mapafu (IPF na jamii yake): dozi, mpangilio na yanayoharibu

#1 Kifua_Wazi

Wakuu, salaam. Swali moja linarudi humu jukwaani kwa sura mbalimbali. Mgonjwa wa makovu ya mapafu yuko kwenye dawa moja, pumzi bado inashuka, aongezewe ya pili? Au dawa inamharisha mno, je, apewe nusu ya hii na nusu ya ile? Tuyaweke yote mahali pamoja, watu wa famasia na wa wodini mchangie.

Msingi kwanza. Tunazungumzia ugonjwa ambao nyama laini ya mapafu hugeuka kovu, na kovu likishaingia halitoki. Aina inayosumbua zaidi ni IPF, ile isiyo na chanzo kinachojulikana, ambayo huwashika zaidi watu waliovuka miaka 60. Nyingine hufuata skleroderma (ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi), baridi yabisi, mzio wa kinyesi cha ndege au nafaka zenye ukungu, na vumbi la mawe. Dawa zilizopo, kuu zikiwa nintedanibu na pirfenidoni, hupunguza kasi tu. Mgonjwa asiyeelezwa hilo siku ya kwanza ataacha vidonge baada ya miezi miwili, kisa haoni nafuu.

Kasi yenyewe tunaipima kwa FVC, yaani hewa yote mtu anayoweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua. Katika majaribio mawili ya INPULSIS (2014), wagonjwa wa IPF waliopewa vidonge visivyo na dawa walipoteza takriban mL 240 na mL 207 kwa mwaka. Waliopewa nintedanibu walipoteza karibu mL 114. Pirfenidoni nayo ilipunguza kasi katika jaribio la ASCEND mwaka huohuo, na Marekani iliziidhinisha zote mbili Oktoba 2014. Japani ilikuwa imeanza na pirfenidoni tangu 2008.

Kabla hatujafika kwenye kuunganisha, mjue kuunganisha kuna historia mbaya. Kwa miaka mingi tiba ya kawaida ya IPF ilikuwa mseto wa prednisoloni na azathioprini (za kutuliza kinga) na asetilisisteini (ya kulainisha makohozi). Jaribio la PANTHER lilipoulinganisha mseto huo na vidonge visivyo na dawa, kundi la mseto (watu 77) lilipata vifo 8 na kulazwa hospitali mara 23. Kundi la pili (watu 78) lilikuwa na kifo 1 na kulazwa mara 7. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa. Warfarini ya kuyeyusha damu nayo ilijaribiwa kwa IPF kipindi hichohicho ikaongeza vifo. Kwa hiyo anayesema "tuongeze tu, haina ubaya" aulizwe ushahidi wake uko wapi.

#2 Kapteni_Mwambao

Daktari, hesabu yangu ni nyepesi. Kama moja inapunguza kasi kwa nusu, mbili si zitamaliza kazi? Njia zenyewe tofauti.

#3 Kifua_Wazi

Njia tofauti ni kweli. Nintedanibu huziba vipokezi vya ishara zinazoamsha seli za kutengeneza kovu (PDGF, FGF, VEGF). Pirfenidoni hutuliza TGF-beta (ishara nyingine ya kovu) na uvimbe kwa namna ambayo bado inachunguzwa. Tatizo ni kwamba manufaa hayajumliki kwa urahisi huo, ila madhara yanajumlika bila shida yoyote. Zote mbili zinagusa tumbo, ini na uzito.

#4 Mfamasia_Mzizima

Niweke takwimu za huo muungano. Jaribio la INJOURNEY (2018): wagonjwa 105 wa IPF, wote kwanza walikaa kwenye nintedanibu mg 150 mara mbili kwa wiki 4 hadi 5. Waliovumilia ndio walioingizwa. Nusu wakaongezewa pirfenidoni, nusu wakabaki walivyo, wiki 12. Matatizo ya tumbo yaliwapata takriban asilimia 70 ya walioongezewa, dhidi ya asilimia 53. FVC ilishuka kwa wastani wa mL 13 kwa muungano na mL 41 kwa nintedanibu peke yake.

Inavutia, lakini jaribio lilibuniwa kupima usalama, ni wiki 12, na watu ni wachache. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliwachukua watu 89 waliokwisha kuzoea pirfenidoni wakaongezewa nintedanibu. 73 walifika mwisho wa wiki 24. Yaani inawezekana kwa mtu aliyechaguliwa vizuri, basi. Hakuna mwongozo mkubwa unaosema kila mgonjwa apewe zote mbili.

Na wote hao walianza na moja, wakatulia, ndipo ikaja ya pili. Ukianzisha mbili siku moja na mgonjwa akatapika Jumatano, utaacha ipi?

#5 Mfamasia_Mzizima

Naendelea. Mpangilio wa vitendo kwa anayeanza na pirfenidoni (kidonge au kapsuli ya mg 267):

Siku ya 1 hadi 7: kimoja mara tatu. Siku ya 8 hadi 14: viwili mara tatu. Kuanzia siku ya 15: vitatu mara tatu, jumla mg 2,403 kwa siku. Wasiovumilia tunawapandisha kwa wiki nne badala ya mbili, hakuna aliyekufa kwa kuchelewa wiki mbili. Akikosa dawa kwa siku zisizofika 14, anarudi kwenye dozi aliyokuwa nayo. Zikifika 14 mfululizo anaanza ngazi ya chini upya. Hili linasahauliwa sana mzigo ukichelewa kuingia nchini, mtu anakaa wiki tatu bila dawa halafu anameza tisa siku ya kwanza.

Nintedanibu haina ngazi: mg 150 asubuhi na mg 150 jioni, saa 12 kati yake, pamoja na chakula. Kapsuli imezwe nzima, isifunguliwe wala kutafunwa. Ikisahauliwa, iachwe hadi zamu inayofuata, usifidie. Ikimshinda, mg 100 mara mbili. Mwenye ugonjwa mwepesi wa ini anaanza na mg 100. Uchambuzi wa INPULSIS ulionyesha kuwa waliopunguziwa dozi hawakupoteza faida, kwa hiyo kupunguza ni bora kuliko kuacha.

Ya pili inaongezwa lini? Mimi nataka wiki nne hadi nane za dozi thabiti, vipimo viwili vya ini vilivyo safi, uzito usioshuka, na choo kisichozidi mara mbili tatu juu ya kawaida yake. Kimoja kikikosekana, subiri. Na kabla ya kuongeza chochote hakikisha ile ya kwanza inamezwa kweli. Hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Nusu ya "dawa imeshindwa" inaishia hapo.

#6 Nesi_wa_Zamu

Tumbo liko upande wangu, niseme.

Kuhara kwa nintedanibu: katika INPULSIS kuliwapata zaidi ya asilimia 60. Mgonjwa aondoke kliniki na loperamidi mkononi, asiambiwe "ukiharisha rudi". Mg 4 mara kuhara kunapoanza, kisha mg 2 kila baada ya choo chepesi, isizidi mg 16 kwa siku. Pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Maziwa, pilipili na mafuta mengi vipunguzwe siku hizo. Choo kikizidi mara nne juu ya kawaida pamoja na loperamidi, simamisha nintedanibu, akipata nafuu arudi na mg 100. Homa au damu kwenye choo si kuhara kwa dawa, hiyo ipimwe. Na kama yuko kwenye metiformini, hiyo nayo inaharisha, msiitupie nintedanibu lawama yote.

Kichefuchefu cha pirfenidoni kina siri moja: chakula hupunguza kilele cha dawa kwenye damu karibu nusu. Asimeze kabla ya kula wala baada ya kuondoa sahani. Kimoja baada ya matonge machache, cha pili katikati, cha tatu mwishoni. Chai na andazi moja hakitoshi, asubuhi apate uji mzito na yai, au viazi, au maharage. Tukibadilisha hilo tu wengi hawahitaji hata dawa ya kutapika.

Akiwa kwenye zote mbili, daftari la uzito ni lazima, mizani ileile, kila wiki. Kilo zikianza kuondoka mgonjwa hataona haraka kwa sababu nguo zake zilikuwa pana.

#7 Kapteni_Mwambao

Dada Nesi, na jua? Nimesikia pirfenidoni inababua.

#8 Nesi_wa_Zamu

Inababua, kaka, na huku kwetu karibu na ikweta si mzaha. Mikono mirefu, kofia pana au mtandio, krimu ya SPF 50 kila baada ya saa mbili akiwa nje, na jua la saa nne hadi saa kumi alikwepe. Mvuvi na mkulima wanataka mazungumzo marefu zaidi ya hapo, kwa mtu wa namna hiyo ningeanza na nintedanibu. Ngozi nyeusi haimlindi mtu na hili.

Angalia pia dawa nyingine zinazobabua: doksisiklini, haidroklorothiazaidi ya presha, kotrimoksazoli. Mgonjwa wa presha aliyeko kwenye haidroklorothiazaidi abadilishiwe kwanza.

#9 Daktari_Bara

Asante Nesi. Hilo linanipeleka kwenye migongano ya dawa, na hapa ndipo Afrika Mashariki inatofautiana na vitabu vya Ulaya.

Rifampisini. Makovu ya mapafu na kifua kikuu vinafanana kwenye eksirei kwa jicho lisilozoea, na wengi hupewa dawa za TB kwanza hata makohozi yakiwa safi. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hushusha nintedanibu mwilini karibu nusu, na hushusha pirfenidoni pia. Kumpa mtu nintedanibu katikati ya miezi sita ya TB ni kumharisha bure. Maliza TB, subiri wiki mbili tatu vimeng'enya vya ini vitulie, kisha anza.

Siprofloksasini, antibiotiki. Inauzwa dukani kama njugu. Hupandisha pirfenidoni kwa kuziba CYP1A2, kimeng'enya cha ini kinachoivunja. Mwenye mg 750 mara mbili anatakiwa ashushwe pirfenidoni hadi mg 534 mara tatu mpaka amalize. Fluvoksamini ni mwiko kabisa, na juisi ya balungi aiache.

Sigara hufanya kinyume, hupunguza pirfenidoni karibu nusu. Anayevuta anameza gharama kamili na kupata nusu ya dawa.

Ritonaviri na kobisistati za mseto wa VVU: hupandisha nintedanibu kwa kuziba P-gp (pampu inayoitoa dawa kwenye seli), kama ketokonazoli inavyofanya kwa takriban asilimia 60. Wagonjwa wetu wengi wa VVU sasa wako kwenye dolutegraviri, hao hawana shida hiyo. Waulizeni walio kwenye dawa za mstari wa pili.

Dawa za kuyeyusha damu pamoja na nintedanibu: kuziba VEGF kunaongeza hatari ya kutoka damu, na wenye dozi kamili za kuzuia mgando hawakuingizwa kwenye majaribio makubwa. Huyo ningemwelekeza pirfenidoni. Na mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe nintedanibu bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika.

Mwisho, asetilisisteini. Bado watu wanaiongeza juu ya pirfenidoni "kulainisha kifua". Jaribio la PANORAMA liliupima muungano huo kwa IPF: hakuna faida ya FVC, na kubabuka kwa jua kuliongezeka. Iondoeni kwenye karatasi.

#10 Mchambuzi_wa_Dozi

Wakuu, mmeisahau ya tatu, na kwangu ndiyo iliyobadilisha mada hii. Nerandomilasti, kidonge kinachoziba PDE4B (kimeng'enya kinachochochea uvimbe na kovu) zaidi ya ndugu zake wa PDE4. Marekani waliiidhinisha kwa IPF Oktoba 2025.

Jaribio lake la FIBRONEER-IPF lilikuwa na watu 1,177, na zaidi ya robo tatu tayari walikuwa kwenye nintedanibu au pirfenidoni. Yaani ni jaribio la kuunganisha lenye watu wa kutosha na wiki 52. FVC ilishuka mL 183.5 bila dawa, mL 138.6 kwa mg 9 mara mbili, mL 114.7 kwa mg 18 mara mbili. Kuhara: asilimia 16, 31 na 41 kwa mfuatano huohuo.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Pirfenidoni hupunguza nerandomilasti kwenye damu karibu nusu. Walioko kwenye pirfenidoni wakapewa mg 9 hawakupata faida. Kwa hiyo muungano na pirfenidoni ni mg 18 mara mbili tu. Muungano na nintedanibu hauna mgongano huo wa damu, ila tumbo linapigwa na mbili kwa pamoja.

Kwa makovu yanayoongezeka yasiyo IPF kuna FIBRONEER-ILD, watu 1,176: mL 165.8 bila dawa, 84.6 kwa mg 9, 98.6 kwa mg 18. Vifo vilikuwa vichache zaidi upande wa dawa, ingawa kipimo kikuu cha pili kilichochanganya vifo, kulazwa na ugonjwa kulipuka hakikufikia lengo.

Mtazamo wangu: ukitaka kuunganisha kwa madhara machache, tafuta dawa ambayo sumu yake iko mahali pengine. Treprostinili ya kuvuta kwa pumzi ni mfano. Jaribio la TETON-2 lilitoa matokeo mazuri kwa IPF mwaka 2025, na kero yake kubwa ni kikohozi, tumbo linapumzika. Ubaya ni kifaa na vipindi vinne kwa siku, ukianza na pumzi tatu kila kipindi na kupanda hadi 12. Bei yake tusiizungumzie.

Njia nyingine ni kuirekebisha dawa yenyewe. Deupirfenidoni ni pirfenidoni yenye deuteriamu (haidrojeni nzito) inayochelewesha kuvunjwa kwake. Jaribio la wiki 26 lilionyesha kushuka kwa mL 21.5 kwa dozi kubwa, mL 51.6 kwa pirfenidoni ya kawaida na mL 112.5 bila dawa. Bado haijaidhinishwa. Na kwa wanaodhani kila kipya ni kizuri: jaribio la dawa nyingine mpya ya IPF, beksotegrasti, lilisimamishwa 2025 baada ya wasimamizi wa usalama kuingilia.

#11 Binti_wa_Lamu

Shikamooni wakubwa. Skleroderma je? Kule mikofenolati ndiyo inaanza. Nintedanibu inaongezwa juu yake au inasubiri?

#12 Kifua_Wazi

Marahaba. Hapo kuunganisha kuna mantiki zaidi, kwa sababu mikofenolati inatuliza kinga na nintedanibu inazuia kovu. Kwenye SENSCIS, jaribio la nintedanibu kwa skleroderma (watu 576), karibu nusu walikuwa kwenye mikofenolati kwa angalau miezi sita. FVC ilishuka hivi kwa mwaka: bila yoyote mL 119.3, mikofenolati peke yake mL 66.5, nintedanibu peke yake mL 63.9, zote mbili mL 40.2. Makundi hayo hayakugawanywa kwa kura kwa upande wa mikofenolati, kwa hiyo usizilinganishe kama mizani ya dhahabu, lakini mwelekeo uko wazi.

Kuhara kwa nintedanibu kwenye jaribio hilo kulifika asilimia 75, na mikofenolati nayo inaharisha. Basi mikofenolati ipande polepole, mg 500 mara mbili, ukiongeza mg 500 kila wiki mbili hadi gramu 2 au 3 kwa siku. Akikwama, sodiamu ya mikofenolati yenye ganda (mg 720 ni sawa na gramu 1) huwa nyepesi kwa baadhi ya watu. Itulie miezi kadhaa, pima tena FVC, ikishuka ndipo nintedanibu iingie. Kama kovu ni kubwa tangu mwanzo kwenye CT, sitasubiri hivyo. Hesabu ya damu kila mwezi mwanzoni.

Pirfenidoni juu ya mikofenolati ilijaribiwa kwa skleroderma kwenye jaribio la SLS III, watu 51, na haikuonyesha nyongeza kwenye FVC. Tumbo liliumia zaidi.

#13 Daktari_Bara

Ini, kwa sababu kila mtu ananitumia ujumbe wa pembeni kuhusu ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia. Ratiba ya kupima ini ni hii. Pirfenidoni: kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Nintedanibu: kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila mitatu. Kwa muungano fuata ratiba kali zaidi na uianze upya siku dawa ya pili inapoingia.

ALT ikizidi mara tatu ya kikomo cha juu lakini haijavuka mara tano, bilirubini ni ya kawaida na mgonjwa hana manjano: simamisha au punguza ile iliyoingia mwisho, rudia kipimo baada ya wiki moja hadi mbili. Ikizidi mara tano, au mara tatu pamoja na bilirubini juu au manjano: acha zote mbili, na pirfenidoni isirudi tena. Wanawake na watu wa chini ya kilo 65 hupandisha vimeng'enya kwa nintedanibu zaidi ya wengine, kwetu hao ndio wengi. Uliza pia mitishamba, na parasetamoli anayomeza kimyakimya.

#14 Kapteni_Mwambao

Ramadhani inakaribia. Mzee wa jirani yuko kwenye nintedanibu, anataka kufunga.

#15 Mfamasia_Mzizima

Nintedanibu inawezekana: moja na futari iliyoshiba, moja na daku. Saa hazitakuwa 12 sawasawa, lakini ni mara mbili na kuna chakula. Sharti awe hana kuhara, kwa sababu kuhara mchana bila maji kunaangusha figo za mzee haraka. Akianza kuharisha, afungue. Pirfenidoni mara tatu kati ya futari na daku sipendekezi, dozi zinabanana na kichefuchefu kinarudi. Azungumze na daktari wake na imamu kabla ya mwezi kuandama, asijipunguzie mwenyewe.

Na jambo la mwisho kwa wanaonunua pirfenidoni ya India: vidonge vingi ni vya mg 200, si 267. Vitatu mara tatu ni mg 1,800, dozi inayotumika Japani. Vinne mara tatu ni mg 2,400. Andikeni kwenye cheti jumla ya miligramu kwa siku, siyo "vidonge vitatu", maana akibadilisha duka akapewa vya mg 801, vitatu mara tatu vitampa zaidi ya gramu saba.